Jani Moja kutoka Olasiti

Barua yenyewe ilikuwa ya aya mbili tu, na aliyeiandika alikuwa fundi wa maneno, hilo tusimnyime. Ilimtaka Balozi Melkizedeki Nkya atamke kwa hiari yake kwamba jani alilompelekea mama mmoja katika nchi ya watu "lilikuwa pambo la kawaida, mfano wa ua, na halikubeba maana yoyote ya kuomba radhi." Chini pameachwa nafasi ya sahihi. Akisaini kabla ya Jumatatu saa sita mchana, atastaafu na heshima zake zote na ataendelea kuitwa Balozi mpaka siku ya kuzikwa kwake. Asiposaini, ataondolewa kwa manufaa ya umma na hadhi ya ubalozi atavuliwa. Miaka thelathini na mbili ya kazi na vituo vitano vya nje, vyote vinangoja mstari mmoja wa nukta nukta.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa amekaa nayo mezani, nyumbani kwake Njiro, chai imepoa hadi imefunga utando juu. Mkewe, Anneth, alipita mara ya kwanza akanyamaza. Akapita mara ya pili akaguna. Mara ya tatu akavuta kiti.

"Baba Princess, saini."

"Nasoma kwanza."

"Unasoma nini wiki nzima? Aya mbili! Mikataba ya kurasa mia mbili ulikuwa unaimaliza kwenye ndege." Akaisogeza kalamu karibu na mkono wa mumewe. "Mimi nimefunga na kufungua masanduku miaka thelathini na moja. Nimejifunza kununua nyanya kwa lugha nne. Sikuomba kitu. Sasa naomba hiki kimoja, uondoke kazini mlango wa mbele."

Na haki alikuwa nayo, jamani. Huyu mama aliacha kazi yake ya ualimu akiwa bado kijana ili mume aende kuiwakilisha nchi, na leo wanawake wenzake wa jumuiya wakimwona wanashusha sauti. Melkizedeki alimtazama mikono, akaona imezeeka, na moyo ukamuuma sana. Hakusaini lakini. Alikunja barua, akaitia mfuko wa koti, akachukua ufunguo wa gari.

"Unakwenda wapi?"

"Olasiti. Nikamwone mama Yiamat."

Anneth akapiga kofi mezani. "Mama wa huyo huyo aliyekumaliza? Makubwa!"

Kisa chenyewe nakieleza kwa kifupi, maana kimeshasimuliwa na kila mwenye simu mpaka kimeharibika. Nchi nayo tusiitaje, kwa kuwa waliotajataja ndio waliotufikisha hapa. Lori la Mtanzania lilikatika breki kwenye mteremko wa huko, likamkanyaga fundi cherehani kijana aliyekuwa kibarazani kwake. Watu wakapandwa na hasira, malori mengine kumi yaliyofuata nyuma yakazuiwa, madereva wote kumi na mmoja wakasukumwa mahabusu. Mmoja wao alikuwa Sankale, kijana wa Terrat ambaye hakuwa hata karibu na ajali. Siku arobaini zikapita. Serikali hizi mbili zikaandikiana barua za maneno makali, kila moja ikidai mwenzake ndiye wa kuanza kuomba radhi, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumpa pole mama wa marehemu.

Melkizedeki akaenda. Jumapili moja, baada ya ibada, bila kuomba kibali wizarani. Hapo alikosea na mwenyewe anakubali. Mtu wa itifaki mzima, anayejua kwamba balozi hata kikohozi chake kina utaratibu. Alikata jani la isale pamoja na kipande cha shina lake kwenye chungu cha dirishani, akalifunga fundo kama alivyomwona baba yake akilifunga, akaenda nalo hadi kwa yule mama. Akamkuta chini kwenye mkeka. Akapiga goti, akainamisha kichwa mbele yake, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Kwa Wachaga, mwenye kuletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Akishalipokea, ugomvi umezikwa. Yule mama hakuwa Mchaga na hajawahi kusikia habari za isale, ila alimtazama mzee wa watu amevaa tai, kichwa chini, akaelewa. Alilia, akalipokea. Siku ya tatu alikwenda polisi kwa miguu yake akasema hana kesi na mtu, na madereva wakatoka.

Mwisho mzuri, eti? Ungekuwa mzuri kama asingekuwepo mpita njia na simu yake. Picha ikazagaa. Nchi nzima ikamwona Balozi wake kapiga goti. Mheshimiwa Yiamat Lerionka, mbunge, akasimama bungeni akiwa na picha hiyo mkononi, akasema kwa ile sauti yake nzito: "Nchi haiinamishi kichwa! Nani alimtuma huyu bwana akakiri kosa kwa niaba ya Watanzania milioni sitini na kitu? Kwa jani!" Makofi. Upande wa pili nao, wa upinzani, wakaona wamepata mlo. Wakamwita Balozi shujaa, wakasema serikali inawaadhibu wenye utu, na wakamwandalia mkutano na waandishi wa habari mjini Arusha Jumatatu hiyo hiyo ili amwanike Yiamat hadharani. Hawa wanataka aseme lilikuwa ua. Wale wanataka aseme lilikuwa kofi kwa serikali. Jani lenyewe masikini, hakuna aliyeliuliza.

Na kilichomkata maini Melkizedeki si kurudishwa nyumbani, maana kurudishwa ni sehemu ya kazi. Kilichomkata maini ni kwamba Yiamat analijua jani lile. Analijua kuliko mtu yeyote katika bunge zima.

Alipita njia ndefu makusudi, akazunguka na Mnara wa Saa. Meru ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni, baridi ya Julai inapenya hadi kwenye goti lake bovu. Pale jengo la mikutano akapunguza mwendo. Pale ndipo alipoanzia, kijana wa miaka ishirini na saba, kazi yake ni kupanga bendera ndogo mezani na kuhakikisha mahasimu wawili hawakutani mlangoni. Aliyakumbuka mazungumzo ya amani ya siku zile, watu wazima kutoka nchi zilizokuwa zinawaka moto, wamenuniana kutwa, halafu saa ya chai wanagombea sambusa za nyama wakicheka. Bosi wake wa wakati huo, marehemu sasa, alikuwa akimwambia: "Nkya, angalia miguu ya watu chini ya meza. Mdomo unakataa, lakini miguu imeshakubali." Siku hizo aliamini kazi hii ni ya kuokoa watu. Alizikumbuka hizo siku mpaka gari la nyuma likampigia honi.

Olasiti nayo hakuitambua. Palipokuwa na mibuni pana maghorofa, palipokuwa na kisima pana mahali pa kuoshea magari, na bodaboda wamejipanga mpaka karibu na lango la kanisa. Ila ukiingia ndani kidogo, ukapita duka la vifaa vya ujenzi, unakuta kiwanja kilichobaki vilevile. Zizi la ng'ombe watatu, nyumba ya bati lililopauka ya Namnyaki, mama yake Yiamat, na ule mstari wa masale ya mpakani, mrefu kuliko mtu, kutoka barabarani hadi kwenye korongo. Melkizedeki alizima gari. Aliyahesabu mashina kwa macho kama alivyokuwa akifanya utotoni, na yote yalikuwepo.

Mpaka huo ulianza na ng'ombe. Baba yake, Abdiel, Mchaga wa Machame aliyeshuka mjini kuuza vitambaa, alikuwa amekatiwa kipande cha ardhi na Lerionka, Mwarusha wa hapo. Mwaka wa pili ng'ombe wa Lerionka akaingia kwenye maharage. Abdiel, mtu wa hasira za kushtukiza, akarusha jiwe, ng'ombe akavunjika mguu. Mvua mbili nzima wazee hao hawakusalimiana. Watoto wao, Melki wa miaka tisa na Yiamat wa saba, walikuwa wanakutana korongoni kwa siri kuchunga na kupigana mieleka, ndiko Melki alikojifunzia Kimaasai, lugha ya Waarusha, chote alichonacho.

Mpaka Jumapili moja Abdiel akavaa koti lake la kanisani, akachukua isale lililofungwa fundo, akavuka. Sasa sikia vituko. Lerionka hakujua isale ni mdudu gani. Alilipokea kwa adabu, akashukuru, akageuka akampa mbuzi! Abdiel alibaki amesimama, rangi imemtoka. Kwao ni kama amemtemea mate marehemu babu yake. Angegeuka wakati ule, pengine koo hizo mbili zingekuwa mahakamani hadi leo. Aliyeokoa jahazi ni Namnyaki, mke wa Lerionka, mwanamke kijana wakati huo, amebeba mtoto mgongoni. Alimnyang'anya mbuzi lile jani, likiwa limetafunwa ncha, akamwambia mumewe: "Wewe baba, una akili? Mtu anavaa koti la kanisani kuleta jani moja la mbuzi?"

Lerionka akatazama jani, akamtazama jirani yake, na ndipo alipoinama akang'oa nyasi mbichi, akaishika mkononi na kumnyooshea. Kwao nyasi ndiyo isale. Wazee wale walisimama pale, huyu na jani lililotafunwa, huyu na nyasi, wakaanza kucheka mpaka Abdiel akakaa chini. Siku hiyo mbuzi yule yule alichinjwa. Melki na Yiamat walipewa figo moja wagawane, na jioni wakapewa kazi ya kushika vipande vya masale wakati baba zao wanachimba mashimo ya mpaka. Kila Anneth alipofunga masanduku kwenda kituo kipya, kipande cha masale hayo kilizungushiwa gazeti lililoloweshwa na kutiwa katikati ya nguo. Jani lililovuka mpaka na kwenda kwa mama wa fundi cherehani lilitoka hapa.

Namnyaki alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa jua, shuka la bluu mabegani, macho yameshaingia ukungu lakini masikio mazima. Alisikia mlango wa gari ukifungwa.

"Nani huyo anayefunga mlango kwa adabu?"

"Takwenya, yeyo," akamsalimia mama huyo kwa Kimaasai.

"Iko!" mama akaitikia, uso wote ukachanua. "Mwana wa Abdiel! Lete kichwa."

Na Melkizedeki, mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyepeleka hati zake kwa wafalme na marais, akapiga goti kwenye vumbi la zizi na kuinamisha kichwa. Mkono mkavu ukatua utosini. Aliusikia uzito wake, mwepesi, wenye harufu ya moshi na maziwa. Tangu baba na mama yake wafariki, huo ndio mkono pekee uliobaki duniani wa kumgusa hivyo. Alikawia kuinuka.

"Goti linakuuma," mama akasema.

"Linauma, yeyo."

"Kaa. Kunywa loshoro, ipo." Akamsukumia bakuli la mahindi na ndizi zilizopondwa kwenye maziwa ya mgando, chakula ambacho Melkizedeki alikiota katika miji yenye theluji. Alikula, naye mama akamngoja amalize, ndiyo heshima ya pale. Kisha akasema: "Redio wanamgombania mtu anaitwa Balozi Nkya. Yiamat anasema ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

"Sasa mbona hawamtaji Abdiel? Mtu anatajwa bila baba yake kama ametoka kwenye mti?" Alisonya. "Na wanagombania nini?"

Akamweleza. Habari za lori, za kijana wa cherehani, za mama kwenye mkeka. Namnyaki alisikiliza bila kumkatiza.

"Ulimpelekea jani?"

"Nilimpelekea."

"Ulilifunga?"

"Nililifunga."

"Akapokea?"

"Akapokea, yeyo. Na alilipanda. Mwezi uliopita mdogo wa marehemu alinitumia picha, limetoa chipukizi kaburini."

Mama akafungua viganja vyake kana kwamba anadondosha vumbi. "Basi, yameisha. Hao wa redioni wanabishana nini tena?"

Wataalamu wa wizara nzima, wabunge, wachambuzi wa magazetini, hakuna aliyelisema jambo lile kwa ufupi ule. Na hapo ndipo Melkizedeki alipoiona barua ya mfukoni kwa sura yake halisi. Kuisaini maana yake ni kumtumia ujumbe yule mama kwamba siku ile alidanganywa, na kwamba aliyeinama mbele yake alikuwa anamletea mapambo. Angesoma tu, magazeti yangemfikia. Ingekuwa kama kumwambia ang'oe lile chipukizi.

Ndipo likasikika gari kubwa barabarani. Anneth alikuwa amepiga simu. Alimwambia Yiamat mumewe yuko wapi, akijua moyoni anamsaidia. Mheshimiwa akashuka, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, akamwashiria dereva abaki palepale na injini iungurume. Alikuja kwa hatua za kampeni, lakini alipofika kwa mama yake hatua zikafupika. Akainamisha kichwa. Namnyaki akamgusa utosini.

Melkizedeki akashindwa kujizuia. "Kumbe nawe huwa unainama," akasema kwa Kiswahili.

"Usianze, Melki." Yiamat alivuta kigoda, akashusha sauti. "Kaka, barua ninayo nakala, najua iko vipi. Mimi ndiye niliyewapigania waikubali. Wengine walitaka ushtakiwe, unajua hilo? Andika tu lilikuwa ua. Mambo yapite, ustaafu vizuri, shemeji apumzike."

"Lilikuwa ua?"

"Siasa, kaka. Wewe si mgeni wa dunia."

"Nilikuuliza kitu kingine. Lilikuwa ua?"

Yiamat akageuza uso kuelekea masale. Melkizedeki akatoa barua, akaikunjua gotini, akafungua kalamu.

"Nitasaini," akasema. "Sasa hivi, hapa hapa. Ila nina sharti dogo. Mama yako haelewi Kiswahili cha bungeni. Mwambie kwa Kimaasai kwamba jani la Abdiel ni ua. Mwambie halina maana. Ukimaliza kumwambia, nasaini."

Namnyaki aliinua kichwa. Alisikia jina la Abdiel. "Mnasema nini, nyie?"

Mheshimiwa Yiamat Lerionka, aliyewahi kuhutubia uwanja uliojaa bila karatasi, alifungua mdomo. Akaufunga. Akajikohoza, akafungua tena. Ng'ombe mmoja akapiga chafya zizini. Jasho lilimtoka kwenye mpaka wa nywele na baridi yote ile ya Julai.

"Yiamat," mama akasema, "mwenzako amekupa neno uniletee. Lilete."

"Yeyo..." Akalitazama bakuli tupu. "Anasema loshoro ilikuwa nzuri."

"Muongo," mama akasema, bila hasira.

Melkizedeki akafunga kalamu. Akakunja barua mara nne, akamkabidhi Yiamat mkononi. Alidhani atasikia ushindi. Alichosikia ni huzuni tu, kwa sababu aliyekuwa mbele yake, chini ya suti na kitambi na nywele za kupaka rangi, alikuwa yule mtoto wa korongoni, mwenye kamasi, aliyegawana naye figo.

"Siwezi kurudi nyuma," Yiamat akasema, na safari hii sauti ilikuwa yake. "Nikisimama kesho kutwa nikasema nilikosea, nimekwisha, Melki. Uchaguzi uko mlangoni. Wataniuliza nani kanilipa. Siwezi."

"Najua."

"Sitakutetea. Nakwambia ukweli, sitakutetea."

"Nimesikia."

Yiamat alitupa jicho barabarani, kwenye gari, kuona kama dereva anatazama. Jicho hilo Melkizedeki aliliona, na hakulisahau. Kisha mheshimiwa akainama mpaka shati likatoka kwenye suruali, akang'oa nyasi mbichi pembeni mwa masale, akaishika kwa mikono miwili na kumnyooshea.

Hapo pakawa pagumu. Akiipokea, yamekwisha, na yakishakwisha hawezi tena kwenda Jumatatu kwa waandishi wa habari kumwanika. Kinga yake pekee iliyobaki ilikuwa mdomo wake, na mtu huyu anakuja kuufunga kwa nyasi. Miaka thelathini na mbili alifundishwa kupambanua anayetoa kwa moyo na anayetoa kwa hesabu, na hapa alishindwa. Pengine Yiamat alikuwa na vyote viwili. Pengine hata yeye siku ile mbele ya mama kwenye mkeka alikuwa na vyote viwili, maana madereva walikuwa ndani na alitaka watoke. Aliitazama miguu ya Yiamat kama alivyofundishwa. Ile miguu yenye viatu vya kung'aa ilikuwa imeingia kwenye kinyesi cha ng'ombe na mwenyewe hakujua.

Namnyaki alikuwa ameelekeza sikio kwao. Haoni vizuri, lakini sauti ya nyasi iking'oka anaijua.

Melkizedeki akaipokea.

"Yameisha," akasema.

Nyumbani Anneth alisikiliza yote amesimama, mkono kiunoni, halafu akamwaga hasira zake zote. "Amekuziba mdomo kwa majani ya ng'ombe! Na wewe, mwanadiplomasia, ukapokea! Umekosa cheo, umekosa na pa kulilia!" Alilia, mumewe akamshika, akamsukuma, akamshika tena. Mwisho akatulia kifuani kwake akiuliza kwa sauti ndogo yule mama wa fundi cherehani angejisikiaje akiambiwa eti lilikuwa ua. Hakusema tena neno saini.

Jumatatu wale wa upande wa pili walipiga simu mara kumi na nne. Ya kumi na tano ilikuwa ya mwandishi wa habari, akaipokea. "Balozi, una la kusema kuhusu Mheshimiwa Yiamat?" Akasema hana. "Hata kidogo? Tuna taarifa kwamba kuna mengi." Akasema yameisha. Mwandishi akacheka, akidhani anataniwa. Bungeni hoja ilijadiliwa kwa saa moja na nusu. Wakatukanana, wakaombana utaratibu, jani likatajwa mara nyingi. Mheshimiwa Yiamat alionekana amekaa mahali pake anapekua karatasi. Hakuchangia.

Taarifa ya habari ya saa saba mchana iliwakuta pamoja jikoni, Anneth anamenya ndizi, redio iko dirishani karibu na chungu. Msomaji akasoma kwa sauti ile ile ya bei za mazao, kwamba ameondolewa katika utumishi kwa manufaa ya umma na kuvuliwa hadhi ya ubalozi Ndugu Melkizedeki Abdiel Nkya. Ikafuata michezo.

Melkizedeki aliendelea kuketi. Aliungoja uchungu na ulikuja, wala tusidanganyane, ulikuja wote. Alizikumbuka bendera ndogo mezani na sambusa za saa ya chai, na bosi wake akicheka. Alijisikia mtu aliyezeeka mchana mmoja.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mjukuu wa Namnyaki, lakini aliyepumua upande wa pili, akiishika simu karibu mno na mdomo, alikuwa bibi mwenyewe.

"Mwana wa Abdiel?"

"Naam, yeyo."

"Nimesikia redio sasa hivi." Sauti ilikuwa ya furaha, furaha tupu, ya mtu anayewahi kuleta habari njema kabla hajatanguliwa. "Leo wamekutaja vizuri. Leo wamemtaja na baba yako."

Melkizedeki akaikandamiza simu sikioni. Anneth akaacha kisu, akaja akamfuta machozi kwa mkono wenye utomvu wa ndizi.